Lugha ya Jikoni kwa Mama

Lathrop, Ohio
19 Agosti 1979

Dada yangu Tekla,

Pokea salamu za mdogo wako, nene kama mimi mwenyewe, maana mizani ya hapa chuoni imenikataa. Mzima niko. Wewe je, na mgongo? Na mapafu ya baba, bado yanapiga filimbi? Mwandikie kwenye karatasi, kubwa kubwa asije akasingizia macho, kwamba mwanawe sasa ni mtu wa kuogopwa.

Wamenipa ulinzi wa timu ya futiboli, huu mpira wetu wa kubeba mikononi na kuangushana, Tekla. Wote! Vijana arobaini na watatu wa kukaba, na kocha wao ni mimi, niliyemaliza shule kwa kusukumwa na walimu waliochoka kuniona. Kocha mkuu, Bwana Gorsuch, kaniambia, "Hudak, wewe zuia tu wasiingie." Nikamwambia, "Kocha, hata inzi ataomba ruhusa."

Sasa nikupe siri. Siku ya mechi kelele zinajaa hadi huwezi kusikia mawazo yako, kwa hiyo kocha anasimama ukingoni na kuwapa vijana maagizo kwa mikono. Na kila chuo kina jamaa mwenye darubini ambaye kazi yake ni kuiba ishara za wenzake. Wezi watupu. Wa kwetu anaitwa Floyd. Makocha wengine wanapasua vichwa kutunga ishara kila wiki. Mimi nitunge nini? Nilizaliwa nazo. Nimewapa vijana lugha yetu, ile ya jikoni kwa mama.

Kuvuta sikio, "baba anakuja": sasa maana yake wote wamvamie mrusha mpira wao. Ngumi kichwani, "mkate umeungua": rudini nyuma, wanataka kurusha mbali. Kugonga kidevu mara mbili, "njoo ule": toka upumzike. Wamezikamata kwa siku mbili! Ungeona majitu arobaini na matatu yanavutana masikio ungecheka mpaka ukae chini. Floyd mwenyewe, bingwa wa wizi, katazama wiki nzima akanijia, "Miron, hii lugha ya wapi, Urusi?" Nikamwambia ya Mtaa wa Tipple, nyumba ya mwisho, na wanaoijua duniani ni wawili tu, mimi na dada yangu aliye kiziwi.

Tarehe sita Januari niko mezani kwa chakula kitakatifu cha mkesha wa Krismasi yetu. Zile bobalki, vimkate vyetu vya asali, usinipakulie kama mgonjwa.

Mdogo wako,
Miron


Mount Kerrick, Pennsylvania
4 Septemba 1979

Mdogo wangu Miron,

Mgongo upo, na mimi nipo nao. Baba anapumua. Karatasi yako aliisoma mara mbili, akakohoa muda mrefu. Nadhani alikuwa anacheka.

Kiwandani ni kola za mashati zilezile, mia mbili na arobaini kwa siku. Wenzangu wanalalamika mashine zinawapasua masikio. Nawaonea huruma.

Umesema wanaoijua lugha yetu ni wawili. Hesabu hiyo ni ya Ohio. Huku anayeijua ni mmoja, na mmoja hana wa kuzungumza naye. Baba unamjua, anasema mikono iliumbiwa koleo. Dukani wananipanulia midomo kama samaki. Tangu uondoke naongea na kioo, nacho hakina jipya.

Wewe sasa una arobaini na watatu. Sijakasirika. Nataka kujua tu kama wanaitamka sawasawa. "Mkate umeungua," ngumi inakaa upande wa kushoto, si katikati. Marehemu mama hakuwa na mchezo kwenye hilo.

Na ile ya kushika kola, umewafundisha? Ile tuliyokuwa tunafanya kanisani ibada ikirefuka: "nataka kwenda nyumbani."

Sahani ya asiyekuwepo tutaiweka mezani kama kila mwaka. Fanya juu chini isiwe yako.

Dada yako,
Tekla


Lathrop, Ohio
20 Januari 1980

Dada yangu Tekla,

Salamu za mtu anayejua kosa lake. Najua, najua. Tarehe sita nilikuwa West Virginia, kwenye sebule ya mama mmoja, namwomba anipe mwanawe aje acheze Lathrop. Makocha wanne walikuwa wamekwisha kaa kwenye kochi lile kabla yangu. Nikala pai vipande vitatu, nikamsifu mbwa, nikasali nao. Nimempata! Lakini nilipokuwa nasali nilikumbuka meza yetu.

Tumeshinda mechi tisa, Tekla. Hakuna mwenye darubini aliyetuweza. Kuna mmoja wa Indiana nilisikia amerudi kwao na kipandauso.

Ngumi nimewarekebisha, sasa iko kushoto. Niliwaambia, "Hii ni lugha ya dada yangu. Ukiiharibu, umemharibia yeye, na atakayemharibia atazunguka uwanja mpaka aione Pasaka." La kola sijawafundisha. La nini? Uwanjani hakuna anayetaka kwenda nyumbani.

Koti nililotuma limekutosha? Muuzaji aliniuliza kipimo chako, nikafungua mikono hivi, akanielewa.

Mdogo wako,
Miron


Lathrop, Ohio
11 Desemba 1982

Dada yangu Tekla,

Hujambo, na baba hajambo? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inatafuta pa kukaa.

Wametufukuza. Tulipoteza mechi saba mwaka huu, wakubwa wa chuo wakamwita Bwana Gorsuch, na kocha mkuu akiondoka wasaidizi wote wanaondoka naye, ndivyo kazi yetu ilivyo. Makocha kumi tumetolewa asubuhi moja kama vifaranga, kila mmoja na boksi lake. Ulinzi wangu ulikuwa safi! Waliokuwa hawafungi ni wale wa kushambulia. Lakini nani ananisikiliza?

Mke wangu Sherri naye kaondoka. Amesema aliolewa na mwanamume, hakuolewa na maboksi. Nikamsaidia kubeba ya kwake.

Vijana walikuja kuniaga. Kuna jitu moja la mwaka wa kwanza kutoka Youngstown, Lavelle Simms, kubwa kama jokofu, lilisimama mlangoni likagonga kidevu mara mbili. "Njoo ule." Hakuwa na chakula chochote, Tekla. Ndilo neno alilokuwa nalo.

Tarehe sita usinisubiri. Ni siku za kongamano la makocha, na sisi tusio na kazi ni lazima tukasimame hotelini tuonekane. Mwakani, nakuapia.

Mdogo wako,
Miron


Mount Kerrick, Pennsylvania
22 Februari 1983

Mdogo wangu,

Salamu. Nyumba imekuwa kubwa.

Nakuandikia kwa sababu siku ya mazishi ya baba hatukuzungumza. Watu walikuwa wengi, ulishika mikono ya kila mtu, ukawachekesha hata wachimbaji wenzake waliokuja na mitungi yao ya hewa. Walikupenda. Lakini mikono yako ilikuwa na kazi muda wote, haikunigeukia mimi hata kidogo. Halafu gari la watu wa chuo cha Wendover likaja kukupeleka kwenye kazi mpya.

Ulikaa saa nne. Nilizihesabu.

Baba siku za mwisho alijifunza neno moja. Alinivuta sikio langu, si lake, na akacheka. "Baba anakuja." Nilitaka kukuonyesha alivyofanya. Halielezeki kwa kalamu.

Sasa nataka kunyamaza kidogo.

Dada yako,
Tekla


Wendover, Indiana
25 Novemba 1984

Dada yangu Tekla,

Hii ni barua ya sita bila jibu, na mimi sina haya, nitafika ya sitini. Afya yako vipi? Nijibu hata kwa nukta moja. Nukta nitaielewa.

Huku niko kwenye chumba cha kupanga chenye kochi lisilo langu. Maboksi ya Lathrop sijayafungua, yamenifaa kuwekea sahani. Asubuhi nakunywa kahawa nimesimama. Jumapili hakuna vijana wala mazoezi, kwa hiyo naongea na televisheni kwa mikono. Jana mtu wa utabiri wa hewa alisema theluji inakuja, nikamwambia "mkate umeungua." Hakunijibu. Watu wa huku wana maringo.

Ulinzi wangu ni wa tatu katika jimbo zima! Nimeandika hilo ili ujue bado mimi ni mimi.

Nilisoma tena ile barua yako kuhusu mikono yangu siku ya mazishi. Niliiogopa mikono yenyewe, Tekla. Ningekugeukia ingesema mambo ambayo nisingeweza kuyafanya mzaha.

Mdogo wako,
Miron


Wendover, Indiana
20 Oktoba 1985

Dada yangu Tekla,

Salamu kutoka kwa mpiganaji. Mgongo wako nauombea, wa kwangu umeanza kuuiga.

Jumamosi tarehe mbili Novemba tunakwenda kucheza Lathrop. Kule kwangu kwa zamani! Kocha mkuu wa hapa, Bwana Tibbets, kaniita ofisini. "Hudak, tukifungwa hii, mimi nawe tunafunga maboksi. Badilisha ishara zako. Wale vijana wa mwaka wa nne uliwafundisha wewe mwenyewe."

Nilijaribu. Jumatatu nilitunga mpya, gusa goti, gusa kofia, safi kabisa. Mazoezi yalipopamba moto mikono ikarudi jikoni yenyewe. Nikajaribu Jumanne, hivyo hivyo. Msaidizi wangu kasema, "Kocha, acha nionyeshe mimi." Nikamfukuza kwa matusi, baadaye nikamnunulia chakula.

Siwezi, Tekla. Ndiyo sauti pekee niliyonayo isiyopiga kelele. Na hao vijana walishasahau. Nani anakumbuka alichofundishwa mwaka wa kwanza? Mimi nilikuwa nasahau kabla sijafika kwenye ngazi.

Kutoka kwako mpaka Lathrop ni saa tano kwa basi. Sikuombi kitu. Nimeandika tu umbali.

Mdogo wako,
Miron


Mount Kerrick, Pennsylvania
6 Novemba 1985

Mdogo wangu Miron,

Natumaini barua hii inakukuta. Nimeiandikia anwani ya Wendover, ingawa baada ya niliyoyaona sina hakika kama Wendover bado ni anwani yako.

Nilikuwepo.

Nilinunua tiketi langoni, wakanikalisha upande wa Lathrop, chini kabisa, nyuma ya benchi lao. Nilikuona ng'ambo umevaa koti la bluu, umenenepa, umeanza na mikono. Miron, ilikuwa miaka miwili na miezi tisa sijaiona lugha hiyo kwa mtu mwingine. Nilishika chuma cha mbele yangu.

Halafu nikawaona. Kila wenzao wa kushambulia walipokuwa na mpira, wale wakabaji wa Lathrop hawakuwa na kazi, wakasimama sita pembeni wanakutazama. Ulipovuta sikio, wakaruka na kupiga kelele kumwambia mrusha mpira wao, naye akautupa mpira kabla watu wako hawajafika. Ulipoweka ngumi, wakapita chini. Kila neno ulilosema walilisema kabla vijana wako hawajalitenda. Wameingia mara sita. Arobaini na nne kwa sita, siwezi kusahau, ubao ulikuwa juu ya kichwa chako.

Na walikuwa wanacheka. Mmoja, mkubwa kuliko wote, aliwaonyesha wengine "mkate umeungua," na ngumi akaiweka katikati ya kichwa.

Hapo nilishindwa kuvumilia. Nilishuka mpaka kwenye uzio, nikampiga begani kwa mwavuli. Aligeuka. Nikamwonyesha: kushoto! Alinitazama kama ameona sufuria inatembea. Kisha akarekebisha ngumi, polepole, akaniuliza kwa macho. Nikamkubalia kwa kichwa.

Mechi ilipokwisha alikuja mwenyewe, kofia mkononi. Nilikuwa na mkate wangu wa soseji. Nikagonga kidevu mara mbili. Akanijibu, Miron. Mtu nisiyemfahamu alinijibu. Tulikaa kwenye benchi lao, tukaugawana mkate. Anajua maneno kumi na moja. Tulizungumza kwa hayo kumi na moja mpaka watu wa kufagia wakafika, na sikupungukiwa na kitu.

Mwishoni aliandika kwenye karatasi ya mechi: "Wewe ndiye dada. Kocha alikuwa akitutishia nawe." Ni huyo Lavelle wako. Akaandika tena: "Tulidhani atazibadilisha. Kila kocha hubadilisha. Kwa nini hakubadilisha?" Jibu nilikuwa nalo, ila halimo kwenye yale kumi na moja. Alilia kidogo, jitu lile. Nikamfuta kwa leso ya baba.

Jambo la mwisho. Mlipokuwa mnatoka, watu wanakuzomea, ulisimama peke yako chini ya ubao. Ukashika kola. Hukuwa unamwambia mtu. Nilisimama juu ya kiti nikakujibu, nikashika yangu. Hukuniona. Ningevuka uwanja, lakini niliona hukutaka mtu akuone vile.

Nimemwalika Lavelle tarehe sita Januari. Chuo kitakuwa kimefungwa na kwao si mbali. Sahani ya asiyekuwepo mwaka huu imepata mwenyewe, kwa hiyo usihangaike.

Dada yako,
Tekla


Hotelini, Cincinnati
5 Januari 1986

Dada yangu Tekla,

Sijui nianze na salamu gani, zote nimezitumia kwenye mizaha. U mzima?

Barua yako imenizungukia wiki nane. Wendover walitufungisha maboksi wiki ileile, posta ikanitafuta kwa yule Floyd wa darubini, Floyd akaja nayo hapa mfukoni. Nimeisoma kwenye ukumbi wa chini, nimesimama. Ulikuwa ng'ambo ya uwanja. Miaka yote hii naangalia ng'ambo, ndiyo kazi yangu, na sikukuona.

Ungetuona hapa. Wanaume kama mia nne wenye tai, kila mmoja na karatasi za sifa zake, tumejazana karibu na lifti. Kocha mkuu yeyote akitoka tunajifanya tulikuwa tunapita. Wote tunacheka kwa sauti kubwa. Hakuna mahali duniani penye kicheko kingi na furaha kidogo namna hii, na mimi ndiye mwenyekiti wao.

Leo mchana Bwana Ostrander wa chuo cha Tallis, Kansas, amenikalisha kwenye kahawa. "Hudak, nasikia ishara zako hakuna aliyewahi kuziiba mpaka ulipozigawa mwenyewe. Hebu nionyeshe."

Nikanyanyua mkono mpaka karibu na sikio. Nikaushusha.

Nikamwambia, "Hizo zina mwenyewe, Kocha. Niliazima bila kuomba. Nitatunga nyingine."

"Utatunga lini? Kesho saa mbili asubuhi nakutana na wasaidizi wangu wote. Uwepo."

Nikatazama kalenda ukutani. Kesho ni tarehe sita. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kola. Akadhani nasikia joto, akaniitia maji.

Nikamwambia kesho siwezi, nimealikwa chakula. Akauliza na mtu gani mkubwa. Nikamwambia na bosi wangu wa kwanza. Nikamwachia namba ya simu ya jirani yako, Bi Petrasek. Akaitia mfukoni, akatazama saa.

Nina miaka arobaini na miwili, Tekla, na sijui kazi nyingine. Nisipoipata hii huenda isije nyingine. Naogopa. Sijawahi kuliandika neno hilo, angalia lilivyokaa vibaya.

Basi linaondoka alfajiri. Barua hii siitii posta, itafika baada yangu. Naibeba nikupe mkononi, maana nikifika nitaanza mizaha na haya yote yatapotea. Lavelle asinyanyuke kwenye ile sahani. Mimi nitakalia ndoo ya makaa.

Mdogo wako,
Miron


Jikoni, nyumbani
7 Januari 1986

Mdogo wangu Miron,

Sikusalimii, umelala. Unakoroma. Sisikii, lakini ukuta unatetemeka.

Nimekwenda kiwandani, wao hawajui kwamba kwetu leo ndiyo Krismasi. Lavelle ameondoka na basi la kwanza, amebeba bobalki zote zilizobaki na maneno ishirini na manne. Lile la kola nimemfundisha mimi.

Bi Petrasek amekuja asubuhi na karatasi. Yule mtu wa Kansas amempigia simu. Anasema nafasi ipo, nawe utunge ishara zozote utakazo, lakini umjibu kabla ya saa sita mchana leo na uondoke leo. Nilifikiria kuitia karatasi hiyo kwenye jiko. Iko chini ya kikombe chako.

Sitakuambia ufanye nini. Jana ulizungumza nami saa sita mfululizo, mpaka mikono ikauma. Zile saa nne za mazishi nimezifuta.

Ila usiniachie barua. Nimechoka na barua. Ukiondoka, pita kiwandani, dirisha la tatu kutoka langoni, mimi nakaa hapo. Gonga kioo, wenzangu watanigusa. Simama pale theluji ikunyeshee uniambie kwa mikono.

Ukibaki, mkate utaukuta kwenye oveni. Utoe saa saba. Ukiungua, unajua ngumi inakaa upande gani.

Dada yako,
Tekla